Yule Dereva wa Picha za Barabara Ameonekana

Nyakanazi, Jumatano mchana, mtoto amelala

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri kidogo kama mjinga, kisha nikaendelea.

Hii ni mara ya kwanza nasema na wewe bila mtoto katikati. Ulipokuwa hai, mimi mkamwana sikuweza kukutazama usoni tukajibizana, na jina lako mpaka leo silitaji. Hata siku ya kuandikisha misa yako nilimwita mama, mkeo, alitamke yeye, mimi nikashika kalamu tu. Na wewe kwa heshima zako, ukitaka kunirekebisha ulikuwa unamgeukia Neema mgongoni kwangu. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako picha hii ameishika na kidole chenye mafuta." Neema wa miezi minne! Ananyonya ngumi yake, na mimi najibu, "Babu, mama amesikia." Watu wa kwenye benchi walikuwa wanacheka mpaka machozi. Leo Neema amelala, kwa hiyo nasema mwenyewe. Usinione nimekosa adabu.

Nimekuandikia kwa ajili ya jambo moja, mengine yatafuata yenyewe. Mkumbo ameonekana.

Ndiyo, yule dereva wa Singida, wa lori la mahindi ya wakimbizi. Yule niliyemcheka. Amekuja Jumatatu, na tangu Jumatatu napumua mpaka chini ya tumbo.

Acha nikukumbushe tangu mwanzo, maana huko uliko huenda mambo ni mengi. Mimi nilikuja kwenye studio yako ya picha kwa ajili ya macho. Yako yalipoanza kuingia ukungu, baba Neema alikuwa kule Benako, kambi ya wakimbizi, anapakua magunia, haonekani ila mwisho wa mwezi. Ukamwambia mama, "Nipe macho ya yule binti wa Keza." Nikacheka mwenyewe jikoni. Darasa la saba langu, kamera sijawahi kuishika, nikaitwa macho.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mikanda ya picha inakwenda Mwanza na basi kusafishwa, wiki ikipita bahasha zinarudi, na mwenye picha akija hachukui bahasha yake akaondoka tu. Kwako alikuwa anakaa kwenye benchi, anatandaza picha zake kwenye mkeka, na mimi nakueleza wewe kilichomo. Na miaka hii ya wakimbizi watu wa safari walizidi wenyeji: madereva, mafundi, manesi wa kizungu, wachuuzi wa Kabanga, kila mmoja na kakamera kake. Nikisema, "Kuna mtu amesimama," unamuuliza Neema, "Mama yako anasema amesimama wapi?" Nikisema, "Kuna mlima," unauliza, "Mlima unaonekana, au ni huyu bwana tu anayejua kuwa ulikuwepo?" Ndivyo nilivyojifunza kutazama. Zamani nilikuwa naona picha. Kwako nikaanza kuona na kilichosahauliwa nje ya picha.

Kisha ulikuwa unamwambia mwenye picha. Kwanza kilicho hai. Hata picha iwe imepinda, giza, kidole kimeziba pembe, ulikuwa unatafuta kitu kimoja kilicho hai ndani yake, hata kama ni mkia wa mbwa. Halafu unauliza, "Inakwenda kwa nani?" Halafu unampa kosa moja. Moja tu. Uliniambia kwa mdomo wa Neema kwamba mtu wa safari ana mizigo ya kutosha, usimpakie makosa kumi, mpe moja atalibeba.

Unamkumbuka yule nesi wa kizungu aliyeleta picha kumi na moja za jua linazama? Mimi nilikuwa nimeshikilia kicheko kwa meno. Wewe ukamuuliza zinakwenda kwa nani. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Kwa mdogo wangu." Ukamwambia, "Mama, jua hata kwao linazama. Lakini hajui wewe huku unakula nini." Mwezi uliofuata akaleta sahani ya ndizi na maharage, ameipiga kwa juu, kivuli cha kichwa chake kimeingia kwenye mchuzi. Ulifurahi! Ukasema, "Sasa ameandika barua."

Mimi nilidhani unauliza sana kwa sababu huoni. Baada ya msiba ndipo mama aliponiambia kuwa hata macho yakiwa mazima ulikuwa hivyo hivyo. Anasema wakati wa uchumba alikuja kwako amejipaka mafuta, anataka picha ya posti kadi. Ukamuuliza inakwenda kwa nani. Akasema, kwa mama yangu, Nyakahura. Ukamrudisha nyumbani akalete jembe. "Mama yako anajua wewe ni mzuri," ulimwambia, "anachotaka kujua ni kama unalima." Mama alinisimulia hayo anachambua maharage, akaacha kuchambua, akakaa tu.

Sasa ile siku.

Neema alikuwa na homa, sijalala. Wewe kifua kimekubana, uko chumba cha ndani, kati yetu ni pazia tu. Benchi limejaa madereva. Mkumbo akatandaza picha zake zote thelathini na sita, nami kwa mara ya kwanza nikawa peke yangu na mkeka. Nikatazama. Barabara. Kona. Daraja. Barabara. Barabara yenye mteremko. Daraja lingine. Sikutafuta kilicho hai. Sikuuliza zinakwenda kwa nani. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Kaka, mkanda mzima umeumaliza kwa barabara? Hata mbuzi hakuna? Hakuna hata mtu mmoja!"

Unawajua madereva. Wakalipuka. "Bwana Ujenzi! Wizara imekutuma lini?" "Mkaguzi, lile shimo la Lusahunga umelipiga? Limetoka vizuri?" Mimi nami nikacheka, Baba. Ilikuwa tamu kuchekesha watu. Mkumbo akainamia mkeka. Alizikusanya picha, nyingine kichwa chini, hata kwenye bahasha hazikuingia vizuri, akatoka.

Walipoondoka wote ukaita kutoka ndani, "Nileteeni mjukuu wangu." Nikamleta, nikasimama nyuma ya pazia. Ukamwambia taratibu, kwa ile pumzi yako fupi, "Mwambie mama yako, mtu akikuonyesha alikopita, amekukaribisha kwake. Huicheki nyumba ya mtu huku umekalia kiti chake." Kisha ukasema, "Mwambie amtafute yule bwana."

Nikasema, "Mama amesikia." Nilisikia. Sikwenda.

Nilijiambia atapita tena. Nilijiambia homa ya mtoto ipoe kwanza. Wiki ya pili haikuisha, ukaondoka. Baada ya pale ulisema maneno mengine, uliomba maji, uliuliza kama mvua imenyesha, lakini la kazi ulilonituma lilikuwa hilo la mwisho, na lilibaki mikononi mwangu. Kwenye mazishi watu walisema, angalia mkamwana anavyomlilia mkwe wake. Nilikulilia, ni kweli. Lakini nilikuwa nalia na deni la ule ujumbe.

Baadaye lori lake nikaliona limesimama pale njia panda, nikakimbia na Neema mgongoni, kandambili moja ikabaki tope. Anashuka mtu mwingine. Nikamuuliza, Mkumbo je? Akasema, "Aliacha gari, alirudi kwao. Mambo ya nyumbani." Na mwenzake akadakia juu kwenye kabini, "Labda wizara imempa uhamisho!" Jina lilikuwa bado linatembea. Nikajua ni mimi. Nimemtoa mtu kazini kwa mdomo.

Basi nikaufunga. Akija mtu na bahasha, nafungua, natazama, nasema, "Nzuri." Picha zote nzuri. Imepinda, nzuri. Kichwa hakipo, nzuri. Watu wakaacha kukaa kwenye benchi, wanachukulia mlangoni wakiwa wamesimama. Siku moja mchuuzi mmoja wa Kabanga alileta picha za safari yake ya Bujumbura, giza tupu, meno tu ndiyo yanaonekana. Nikasema nzuri. Akanitazama, akasema, "Dada, kama mzee amekufa na ukweli wake, niambie nijue." Mama naye alikuwa ndani, akatoa kichwa: "Nzuri, nzuri! Hata ile ya aliyekatwa kichwa ni nzuri? Mume wangu hakuniachia kasuku." Nilikaa jikoni nikawaza kumwambia baba Neema tufunge studio, nirudi kulima.

Miezi minne hivyo.

Jumatatu asubuhi nilikuwa natundika lile pazia la maua ulilonunua Biharamulo. Nikasikia nyuma yangu, "Hodi kwa mwenye mdomo."

Baba, nilishika pazia kama mtu anayetaka kujifunika nalo. Nikageuka. Ni yeye. Amenenepa kidogo, amenyoa, ana bahasha kwapani. Akauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono kule mgombani, kaburini kwako. Akavua kofia, akakaa kwenye benchi, akaishika kofia magotini. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimemletea habari ya kumchekesha." Na akanisimulia, nami nakuletea wewe, maana ilikuwa ya kwako.

Zile picha za barabara, Baba, zilikuwa za mama yake. Ni mzee, hajawahi kuvuka Singida. Aliposikia mwanawe anapeleka chakula kwenye mpaka wa vita alimwambia, "Sijui nikuombee wapi. Nionyeshe unakopita." Ndiyo maana Mkumbo akapiga kila daraja na kila kona, tangu Isaka mpaka Benako, na ule niliouona mimi haukuwa mkanda wa kwanza. Mama yake anazipanga sakafuni kwa mstari, anapiga magoti, anasali daraja kwa daraja, anasogea na magoti yake mpaka mwisho wa njia. Barabara tupu, maana ndivyo alivyoagizwa. Na mimi nikauliza mbuzi yuko wapi.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza, "Kaka, nisamehe..." Akanizuia na kofia. "Subiri, hujafika penyewe."

Maneno yangu yalimwingia. Anasema alipotoka hapa na hasira zake, alipofika Nyakahura hasira zimeisha, amebaki na lile neno: hakuna hata mtu mmoja. Akakumbuka kwamba hata mama yake, kila akimaliza kusalia picha za nyuma, alikuwa anamwandikisha jirani barua ya kuuliza, "Na wewe mwenyewe, mwanangu, uko wapi humu?" Basi lori lilipokwenda kutengenezwa Mwanza, akamwomba dereva mwenzake ampige yeye mbele ya gari. Yule mwenzake alitaka kabini lote liingie, na taa, na yale maandishi ya juu. Mkumbo akaingia kuanzia magotini kwenda juu. Anacheka, meno nje, miguu hakuna. Akaisafishia huko huko Mwanza, maana kwangu alikuwa na aibu ya kurudi, akampa kondakta wa basi aipeleke kwa mama.

Mama akaipokea. Akaitazama. Akaigeuza nyuma kutafuta miguu.

Baba, nasikia kicheko chako mpaka hapa. Yule mama alikuwa amesikia habari za mabomu yanayofukiwa ardhini huko vitani. Akapiga yowe, majirani wakajaa. Wakamwambia, mama, ni picha tu imekatwa. Akasema, "Picha haikati kitu ambacho kipo." Wakamwandikia Mkumbo, Mkumbo akajibu kwa barua kwamba ni mzima. Mama akasomewa barua, akasema, "Hata asiye na miguu anaandika."

Basi ikabidi aende. Aliomba ruhusa, akaacha gari, akapanda basi mpaka kwao ambako hakufika miaka mitatu. Anasema mama yake alikuwa uani, hakumtazama usoni kabisa. Alitazama viatu. Akamwambia vua. Akavua. Bibi akakaa chini, akashika mguu mmoja, akahesabu vidole, akashika wa pili, akahesabu. Alipofika cha kumi ndipo akainua macho akasema, "Umekonda."

Msimu wa kulima ulikuwa umeanza, akabaki. Akalima na mama yake, akapanda naye, akangoja mpaka mtama umefika kiunoni. Hiyo ndiyo miezi yangu minne, Baba. Mimi nalia hapa kuwa nimemtoa mtu kazini, mwenzangu anakula ugali wa mama yake.

Nikamwambia hata hivyo nisamehe, maana nilikucheka mbele ya watu, na mzee aliniagiza nikutafute sikwenda. Nilisema yote, Baba, mpaka lile la kandambili. Akanisikiliza. Akasema, "Kucheka, ulicheka. Iliniuma, sikufichi. Lakini bila ule mdomo mama yangu angekufa anaombea madaraja."

Kisha akateremka kwenye mkeka, akafungua bahasha, akatandaza. "Haya, sema. Taratibu lakini, nimetoka kupona."

Nikakaa chini. Nikauliza, "Zinakwenda kwa nani?"

Akasema, "Hizi ni zangu. Za kubandika kwenye kabini."

Nikaziangalia moja moja, kama ulivyonifundisha. Nikachukua moja ya mama yake. Bibi mwembamba, jembe begani, anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, na kwenye kiganja udongo bado mbichi. Nikamwambia, "Huyu yuko hai. Mkono huu peke yake unanitosha, namsikia anasema usinipige mie nimechafuka." Akafurahi, akasema ndivyo hasa alivyosema. Nilitaka kusema nzuri. Neno lilikuwa tayari ulimini. Halafu nikakumbuka yule mchuuzi na giza lake.

Nikasema, "Kosa ni moja tu, kaka. Safari nyingine rudi nyuma hatua tatu, mama yako apate pa kusimama."

Akaiangalia. Akaisogeza karibu. Alikuwa amemkata mama yake magotini.

Alicheka, Baba, akashika mlango. Mama alitoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini. Mkumbo anasema, "Nikimwonyesha atasema nimelipiza kisasi!" Na mimi nikacheka, safari hii pamoja naye, na tofauti yake naijua sasa kwa kifua changu.

Hapa kwetu kuna mabadiliko. Baadhi ya wakimbizi wameanza kurudi makwao, malori yamepungua, na vumbi nalo. Ile migomba ya kaburini kwako iliyokuwa myekundu kwa vumbi la barabara imeanza kuwa ya kijani. Kuni bado ni za kufuata mbali. Mwanao hajambo, amepata kazi ya karibu zaidi, sasa anakuja kila Jumamosi. Miwani yako mama ameiweka juu ya kabati, anaifuta, halafu anairudisha. Neema anatembea. Benchi jana lilikaliwa na watu watatu, na yule mchuuzi wa Kabanga akiwemo. Nilimwambia yale meno yake ni hai, na kwamba asipige watu wenye jua mgongoni. Akasema, "Ahaa. Kumbe mzee hakuondoka na ukweli wake."

Kabla hajaondoka Mkumbo aliniomba picha. Anasema mama yake ameagiza, anataka kumwona mwenye mdomo. Nikasimama mlangoni pa studio, mimi ambaye nimetazama picha za watu wote hawa na yangu haijawahi kusafiri popote. Akanyanyua kamera. Nikamuuliza, inakwenda kwa nani? Akasema, "Si nimekuambia, kwa mama." Basi nikavua kandambili, nikaziweka pembeni, nikasimama peku, vidole vyote vinaonekana. Akarudi nyuma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, nusura aingie mtaroni.

Mkanda bado haujaisha. Ukirudi kutoka Mwanza nitautandaza mkekani, na nitautazama kama wa mtu mwingine yeyote.

Baba, nakuahidi. Nitauliza kwanza. Nitatafuta kilicho hai hata kama ni mkia wa mbwa. Kosa nitatoa moja, na nitalitoa, sitajificha tena nyuma ya nzuri. Na ukinituma, hata huko, nitakwenda siku hiyo hiyo.

Lala salama. Ile kazi imefika.

Neema ameamka sasa hivi. Nimemwambia, "Mwambie babu yako, yule bwana ameonekana." Amekwenda mwenyewe mpaka mgombani, anayumba kama mlevi, amesimama pale akasema, "Babu." Ndilo neno alilonalo. Halafu amerudi mbio na kuanguka mara mbili.

Ni mimi mkamwana wako,
mama Neema